Kubadilisha kapasita za amplifaya ya gari ili isirudi mezani: mwongozo kamili

Masimulizi yanayonifikia yanafanana. Amplifaya ilizima, ikafunguliwa, kapasita mbili (vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme) zikaonekana zimevimba vichwa, zikang'olewa, zikawekwa mpya, muziki ukarudi. Wiki haijaisha fyuzi imekatika, na safari hii mosfeti (transista za umeme) nazo zimeondoka na kipande cha bodi kimekuwa cheusi.

Mara nyingi aliyelehemu alilehemu vizuri. Kilichomwangusha ni kwamba kapasita za kwanza ziliuawa na kitu fulani, na kitu hicho hakikutafutwa. Ndiyo maana katika mwongozo huu chuma cha kulehemia hakishiki moto mpaka hatua ya 6, isipokuwa kwa kipuri unachohitaji kukitoa ili ukipime au ukilinganishe. Fuata mpangilio kama ulivyo.

Nazungumzia amplifaya ya volti 12, klasi AB, chaneli mbili au nne, yenye transfoma ya pete ndani. Monobloku (amplifaya za chaneli moja) za klasi D zinafuata hatua hizi hizi, ila volti zake za ndani ni kubwa zaidi na mkono unatakiwa kuwa na tahadhari zaidi.

## Vitu vya kuandaa

- Maltimita yenye mlio wa shoti, kipimo cha dayodi na kipimo cha kapasita.
- Kipimo cha ESR, yaani upinzani wa ndani wa kapasita. Hata kile kidogo cha bei nafuu cha LCR-T4 kinafaa.
- Chuma cha kulehemia cha wati 60 au zaidi, chenye ncha pana kama patasi. Cha wati 30 kitakuangusha kwenye miguu ya ardhi.
- Risasi ya 60/40 yenye flaksi ndani, flaksi ya ziada, kinyonya risasi na utepe wa shaba wa kunyonyea.
- Rezista ya omu 220, wati 5, iliyoungwa nyaya mbili zilizofunikwa vizuri.
- Balbu ya taa kubwa ya mbele, H4 ya wati 55/60, yenye nyaya zake. Hii ndiyo italinda kazi yako yote, usiidharau.
- Betri nzima ya volti 12.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki mgumu.
- Silikoni isiyonuka siki, na pasti ya joto ya transista.
- Spika ya majaribio usiyoihurumia.
- Miwani ya kukinga macho. Kapasita iliyogeuzwa chanya na hasi inaweza kupasuka usoni kwako.

Kapasita zenyewe usinunue bado. Utajua za kununua ukifika hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Anza na gari, amplifaya ikiwa bado imefungwa

Pima volti kwenye vituo vya umeme vya amplifaya yenyewe, si kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, tegemea karibu 12.6. Injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Zikivuka 15, chaji ya alteneta haidhibitiwi sawasawa, na kapasita za volti 16 zilizo mlangoni mwa amplifaya zinapikwa kila gari linapotembea. Hapo gari liende kwa fundi umeme wa magari kabla hujagusa bodi.

Kama amplifaya bado inapiga kwa kusuasua, ongeza sauti mpaka besi igonge huku ukiangalia mita. Zikishuka kutoka 13.8 hadi 11, tatizo ni waya mwembamba, waya wa ardhi uliofungwa juu ya rangi, au betri iliyochoka. Amplifaya nyingi hujizima zikikaribia volti 10, na mwenye gari akiona inakata kila besi inapogonga anahukumu kapasita. Kama haipigi kabisa, fungua boliti ya ardhi uiangalie: chini yake panatakiwa pawe chuma kitupu, si rangi wala kutu.

Kwenye magari ya abiria kuna jambo la ziada. Coaster za dizeli na matatu za Isuzu NQR zina betri mbili zinazotoa volti 24. Wengi huchukua volti 12 katikati ya betri hizo mbili. Siku betri zinapobadilishwa, waya unafungwa pasipo pake, na amplifaya inapokea 24. Kapasita za volti 16 hazina jinsi ya kuishi hapo. Hata kama waya haujakosewa, betri moja inachoka huku nyingine ikizidiwa chaji. Dawa yake ni kipunguza volti cha 24 kwenda 12, chenye ampea zinazotosha amplifaya hiyo.

Mwisho, mhoji mwenye gari. Akikuambia, "Fundi, ilikuwa inapiga vizuri tu, ikazima yenyewe," muulize taratibu: betri ilitolewa lini? Gari liliwahi kuwashwa kwa kuungwa na betri ya gari jingine? Nyaya za betri zikigeuzwa hata kwa sekunde chache, dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya ulinzi mlangoni hupiga shoti ili fyuzi ikatike. Mtu akiweka waya mtupu mahali pa fyuzi, umeme huo wa kinyume unaziingia kapasita moja kwa moja.

## Hatua ya 2: Fungua, piga picha, toa chaji

Toa fyuzi iliyo karibu na betri, ndipo uondoe nyaya. Piga picha bodi nzima kutoka juu, kisha kila kapasita kwa karibu, mstari wa hasi ukionekana. Usitegemee kumbukumbu wala alama za bodi peke yake. Baadaye utaona kwa nini.

Ukilegeza vibano vinavyobana transista kwenye bati la alumini, utakuta karatasi nyembamba za kuhami kila moja mahali pake. Zitunze. Karatasi moja iliyochanika inatosha kupeleka umeme wa mosfeti kwenye mwili wa gari.

Sasa toa chaji. Katika amplifaya ya kawaida, upande wa sauti una njia mbili, tuseme +30 na -30, na kati ya njia hizo mbili kuna volti 60. Kwenye monobloku kubwa zinaweza kuvuka 150. Hizo zinapiga mtu.

Gusisha rezista ya omu 220 kati ya njia ya chanya na ardhi ya katikati kwa sekunde kumi. Rudia kati ya njia ya hasi na ardhi hiyo hiyo. Halafu fanya hivyo hivyo kwenye kapasita za mlangoni. Pima; usiendelee mpaka kila mahali pawe chini ya volti 1.

Usitoe chaji kwa bisibisi. Cheche ile inachimba njia ya shaba, na mshtuko wake unaweza kumaliza dayodi ambayo ilikuwa nzima.

## Hatua ya 3: Zijue kapasita zako kwa makundi

Kundi la kwanza ni kapasita za mlangoni, karibu na vituo vya umeme na mosfeti za kubadilisha umeme. Kwa kawaida ni mikrofaradi 1,000 hadi 3,300, volti 16 au 25. Zinapokea mapigo makali ya mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo upinzani wao wa ndani ukipanda kidogo tu zinapata joto, joto linakausha maji yake, upinzani unapanda tena.

Kundi la pili ni zile ndefu zilizo baada ya transfoma na dayodi, mara nyingi mikrofaradi 2,200 za volti 35, 50 au 63. Hizi ndizo zinazobeba besi.

Kundi la tatu ni ndogo ndogo: mikrofaradi 47 au 100 karibu na aisi (kipuri chenye saketi nzima ndani) ya TL494 inayoongoza mosfeti, 100 kwenye umeme wa volti 15 wa aisi za sauti, na 1 hadi 10 kwenye njia ya sauti yenyewe. Watu wengi huziruka kwa kuwa hazivimbi. Ndogo iliyokaa milimita chache kutoka kwenye rezista ya moto hukauka kimya kimya, na ikikauka, TL494 inaanza kuongoza mosfeti ovyo. Mosfeti zinakufa, lawama inakwenda kwa kapasita kubwa mpya ulizoweka jana.

## Hatua ya 4: Pima kabla ya kung'oa

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Angalia. Kichwa cha kapasita kubwa kina chale ya msalaba au ya herufi K. Laza ukingo wa rula juu yake. Kikiwa kizima, rula inalala bila kuyumba. Ikibembea katikati, kapasita imevimba hata kama jicho halikuona. Angalia pia chini: mpira uliosukumwa nje huifanya kapasita isimame upande. Harufu kama ya samaki ni dalili ya maji yaliyovuja.

Usichanganye na gundi. Gundi ya njano iliyowekwa kiwandani hugeuka kahawia kwa joto na kufanana na uvujaji. Lakini nayo usiisamehe: ikishaungua inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Ikwangue yote.

Pima mosfeti za umeme. Aina kama IRFZ44N au IRF3205, ukizitazama usoni miguu ikiwa chini, kushoto ni geti, katikati dreni, kulia sosi. Weka mita kwenye kipimo cha dayodi, waya mwekundu kwenye sosi, nyeusi kwenye dreni: tegemea 0.4 hadi 0.6. Geuza: namba inapanda taratibu kwa sababu kapasita za mlangoni zinajichaji kupitia transfoma. Ikikaa karibu na sifuri pande zote, kuna shoti. Mosfeti za upande mmoja zimeungwa sambamba, hivyo moja ikifa zote zitaonekana zimekufa. Nyanyua mguu mmoja mmoja umpate mwenye kosa. Pima pia rezista ndogo za geti, kwani huungua pamoja nazo.

Pima dayodi za baada ya transfoma. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayorudisha kazi mezani. Dayodi hizo, aina kama MUR1620, hugeuza mapigo ya transfoma kuwa umeme wa mkondo mmoja. Moja ikipiga shoti au ikianza kuvuja, kapasita kubwa zinapokea umeme unaopanda na kushuka kupita sifuri. Zitavimba tu, hata ziwe za bei gani. Ukikuta zilizovimba ni za njia moja peke yake, chanya bila hasi au kinyume chake, anza na dayodi za njia hiyo.

Pima transista za mwisho wa sauti. Kati ya miguu yake ya kolekta na emita pasiwe na shoti.

Sasa kapasita. Mbili za 2,200 zilizoungwa sambamba zinatakiwa kusoma karibu 4,400 zikiwa bado kwenye bodi. Ukisoma karibu 2,000, moja imekufa kabisa hata kama zote mbili zina sura nzuri. Usomaji mzuri kwenye bodi hauthibitishi kitu, kwa sababu nzima inamficha mgonjwa. Ukiwa na shaka, ng'oa upime peke yake: mikrofaradi zisipungue zaidi ya asilimia 20 ya zilizoandikwa, na ESR ya kapasita kubwa iwe chini ya omu 0.1. Ikifika omu 0.3, itupe.

Umemaliza hatua hii vizuri kama unaweza kutaja kilichoua kapasita: chaji ya gari, betri kugeuzwa, dayodi, joto, au umri tu. Mosfeti, dayodi au transista yoyote uliyoikuta na shoti ibadilishwe pamoja na kapasita. Kama hujapata sababu na kapasita zilizovimba hazijafikisha hata miaka miwili, rudi hatua ya 1.

## Hatua ya 5: Kununua

Volti: sawa au zaidi, kamwe zisiwe pungufu. Mlangoni palipokuwa na 16, weka 25 kama nafasi ipo. Alteneta ikitoa 14.4, kapasita ya 16 inabaki na nafasi ya volti 1.6 tu.

Kwenye njia za sauti, piga hesabu kwa injini inayounguruma. Amplifaya nyingi hazidhibiti volti za ndani. Zinapanda na kushuka pamoja na betri. Ukipima 30 mezani kwa betri ya 12.6, barabarani kwa 14.4 zitakuwa 30 × 14.4 ÷ 12.6, yaani zaidi kidogo ya 34. Kapasita ya volti 35 iliyoonekana inatosha mezani, ndani ya gari inaishi ukingoni. Chukua ya 50.

Mikrofaradi: sawa, au ongeza mpaka asilimia 50. Usijaze 10,000 mahali pa 2,200 ukidhani besi itaongezeka. Wakati wa kuwasha, kapasita tupu ni kama shoti kwa dayodi na mosfeti, na kadiri unavyoiongeza ndivyo mapigo hayo ya kwanza yanavyorefuka. Kapasita ile ya farad 1 inayofungwa nje kwenye buti ni kitu kingine kabisa na haibadilishi hali ya hizi za ndani.

Joto: chukua za nyuzi 105, si 85. Kwa kanuni ya kawaida, kila nyuzi 10 zikipungua chini ya kiwango chake, maisha ya kapasita yanaongezeka mara mbili. Tuchukue ndani ya amplifaya kuna nyuzi 65. Kapasita ya nyuzi 85 iliyoandikiwa saa 2,000 itafika takriban saa 8,000. Ya nyuzi 105 yenye saa hizo hizo 2,000 itafika 32,000. Nimeona gari lililoshinda juani Mombasa au Dodoma, vioo vimefungwa, amplifaya chini ya kiti. Hapo tofauti hiyo si ya vitabuni.

Aina: omba za ESR ndogo, zinazotumika kwenye pawa saplai. Nichicon, Rubycon, Panasonic na Nippon Chemi-Con ni majina ya Kijapani yenye sifa nzuri, na ndiyo maana yanaigwa sana.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na kapasita ya zamani mkononi (ing'oe moja kwa njia ya hatua ya 6), rula, na kipimo chako cha ESR. Pima kabla hujalipa. Umbo nalo linasema: 2,200 ya volti 50 iliyo halisi kwa kawaida ina unene wa milimita 16 au 18. Ukipewa yenye unene wa milimita 10 na maandishi hayo hayo, maandishi si ya kweli. Nyingine zina kapasita ndogo iliyofichwa ndani ya kopo kubwa. Zishike mbili mkononi, nyepesi iache dukani.

Nafasi ya miguu ilingane: unene wa milimita 10 na 12.5 huwa na miguu iliyoachana milimita 5, na wa 16 na 18 huachana 7.5. Pima pia kimo, kifuniko kisije kikakandamiza kichwa.

Ndogo zilizoandikwa BP au NP hazina chanya wala hasi. Zibadilishe kwa za aina hiyo hiyo. Na zilizotolewa kwenye bodi kuukuu za televisheni ziache zilipo. Hujui zimebakiwa na saa ngapi.

Nunua seti nzima ya kila kundi. Mpya na chakavu zikiungwa sambamba, mpya ndiyo inayobeba mzigo wote.

## Hatua ya 6: Kung'oa bila kuchana bodi

Washa chuma, nyuzi 350 hadi 380 kama kina kidhibiti. Paka flaksi kwenye kila mguu, kisha ongeza risasi mpya kidogo juu ya ile ya zamani. Risasi mpya inachanganyika na ya kiwandani na kuifanya iyeyuke kwa urahisi.

Pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kapasita kidogo upande wa pili, pasha wa pili uinamishe upande huu, mpaka itoke yenyewe. Mguu wa ardhi utachelewa kwa sababu umeungwa kwenye shaba pana inayokula joto. Subiri risasi iwe maji kabisa. Ukivuta ikiwa nusu ngumu, utatoka na pete ya shaba pamoja na mguu.

Tundu lisafishe kwa kinyonya risasi au utepe. Likigoma, pasha na upitishe kijiti cha meno cha mti. Sindano ya chuma inakwangua shaba ya ndani ya tundu.

Pete ikichomoka, usijenge mlima wa risasi kuficha. Kwangua rangi ya kijani kwenye njia ya shaba iliyo karibu, lehemu waya mnene kutoka hapo mpaka kwenye mguu wa kapasita.

## Hatua ya 7: Kusafisha

Maji ya kapasita yakiachwa yanaendelea kula shaba na kupitisha umeme mahali pasipostahili. Sugua kwa mswaki na spiriti, pande zote mbili, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Palipoungua pakawa makaa, kwangua mpaka uone bodi safi: makaa yanapitisha umeme.

Acha ikauke kabisa.

## Hatua ya 8: Kuweka mpya

Mstari kwenye mwili wa kapasita ni upande wa hasi, na mguu mrefu ni chanya. Kwenye bodi, nusu iliyopakwa rangi huwa hasi kwa nyingi, lakini viwanda vingine huweka alama ya chanya peke yake, na vingine hukosea kabisa. Linganisha na picha yako ya hatua ya 2.

Kisha thibitisha kwa mita. Kwenye njia ya sauti ya chanya, hasi ya kapasita ndiyo iliyo kwenye ardhi ya katikati. Kwenye njia ya sauti ya hasi, chanya ndiyo iliyo kwenye ardhi. Anayezielekeza zote upande mmoja bila kupima ndiye anayepasua kapasita dakika ya kwanza.

Kalisha kapasita mpaka iguse bodi, isining'inie kwa miguu. Lehemu mpaka risasi ipande mguuni ikiwa imeng'aa, na ya ardhi uipashe kwa muda mrefu kidogo. Kata miguu.

Gari linatikisika, na kapasita ndefu isiyoshikwa hukatika mguu. Zishikanishe kwa silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na inakula shaba.

Rudisha transista kwenye bati la alumini: pasti, karatasi ya kuhami, kibano. Pima kwa mlio kati ya mgongo wa chuma wa kila transista na bati. Kusiwe na mlio hata mmoja.

## Hatua ya 9: Kuwasha kwa balbu

Unga balbu ya H4 kati ya chanya ya betri na chanya ya amplifaya. Hasi iende moja kwa moja. Usiunge spika, usiunge nyaya za RCA (zinazoleta sauti kutoka redioni). Kukiwa na shoti ndani, balbu itawaka kwa nguvu na kuzuia mkondo, badala ya mosfeti kulipuka.

Unapogusisha betri, balbu imemeke mara moja izime: kapasita za mlangoni zimejaa. Ikibaki inawaka kabla hata ya kuunga rimoti (waya unaoiamuru amplifaya iwake), toa betri haraka. Kuna shoti, au kapasita imegeuzwa.

Sasa gusisha waya wa rimoti kwenye chanya. Balbu imemeke tena kisha ififie mpaka karibu na giza. Taa ya amplifaya iwake rangi ya kazi, siyo ya protekti (ya kujilinda). Balbu ikipumua, inawaka na kuzima kwa mpigo, pawa saplai inajaribu kuamka inashindwa: rudia dayodi, transista za mwisho, na kapasita ndogo za TL494.

Ikikubali, pima. Waya mweusi wa mita uweke kwenye ardhi ya katikati ya upande wa sauti, pale kapasita za chanya na hasi zinapokutana, si kwenye hasi ya betri. Amplifaya nyingi hutenganisha ardhi hizo mbili. Njia mbili zilingane, tofauti isizidi kama volti 1. Halafu pima volti za mkondo mmoja kati ya vituo viwili vya kila spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti nzima nzima, usiunge spika. Koili yake itaungua huku ukisikiliza kimya.

Zima, toa chaji, ondoa balbu, weka fyuzi ya ampea 10. Unga spika ya majaribio na sauti ya chini. Piga nusu saa ukipandisha taratibu. Kisha zima, toa chaji tena, uguse vichwa vya kapasita. Vuguvugu ni sawa. Kapasita ambayo kidole hakiwezi kukaa juu yake ina tatizo: ni bandia, au dayodi yake inavuja.

## Hatua ya 10: Kuirudisha garini

Kwangua rangi mpaka chuma king'ae mahali pa ardhi, funga kwa boliti na washa ya meno. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, yenye ampea zilizoandikwa kwenye amplifaya, si zaidi.

Funga ardhi kwanza, chanya baadaye, fyuzi mwisho. Cheche ndogo unapochomeka fyuzi ni kapasita zinajaa, usiogope.

Usiilaze chini ya kapeti wala kuigeuza kifudifudi. Bati la alumini linahitaji hewa. Washa injini, pima tena volti kwenye vituo vyake, kisha pandisha besi na uangalie zisishuke chini ya 12.

Mwambie mwenye gari alirudishe baada ya wiki moja ya kupiga kawaida. Kaza boliti ya ardhi, fungua kifuniko, laza rula juu ya kila kichwa cha kapasita kama ulivyofanya mwanzo. Rula ikilala bila kubembea, funga kifuniko na umkabidhi gari lake.